Mauzo ya Msimu wa Bunge, Mishahara ya Mwaka Mzima: Kisa cha Jiko Moja la Dodoma

Kisa hiki ni cha jiko la chakula lililopo hapa Dodoma mjini, kuanzia Januari 2024 hadi Desemba 2025. Nakiandika kwa ruhusa ya mama mwenye jiko. Mtaa sitautaja, majina nimeyaacha, na tarakimu za fedha nimezizungusha bila kuharibu uwiano wake. Wateja wake wa ofisini nao sitawataja: wapo wanaolipa vizuri, wapo wanaochelewa, na mama bado anahitaji kufanya nao biashara.

Kazi yangu ni kutunza hesabu za wafanyabiashara wadogo. Niliingia kwenye kisa hiki Januari 2025, mambo yakiwa yameshaharibika, kwa hiyo ya mwaka 2024 nayajua kwa madaftari yake na kwa maelezo yake mwenyewe. Ya 2025 nayajua kwa sababu nilikuwepo, na mojawapo ya makosa ya mwaka huo ni langu.

Mji wenyewe

Anayetaka kuelewa mauzo ya biashara ndogo Dodoma aanze na kalenda ya serikali. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa 1973, lakini mfanyabiashara wa kawaida aliuona kwa macho baada ya tamko la Julai 2016, wizara zilipoanza kuhama kweli. Dodoma ikapewa hadhi ya jiji Aprili 2018. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo ambalo sasa ni jiji. Ile ya 2022 ikakuta 765,179. Hao wote wanakula.

Ila hawali kwa mpangilio mmoja mwaka mzima. Bunge la bajeti huanza Aprili na kumalizika mwisho wa Juni, na katika miezi hiyo mitatu nyumba za wageni hujaa, kumbi zina semina kila siku, na ofisi zinakimbizana kumaliza fungu la mwaka kabla ya tarehe 30 Juni. Vikao vingine vya Bunge ni vifupi. Desemba mji unapoa: watumishi wanakwenda kwao kula sikukuu, wanafunzi wa vyuo wamefunga, na anayebaki anapika nyumbani.

Mwaka wa uchaguzi una tabia yake pia. Bunge linahitimishwa Juni na wabunge wanarudi majimboni kutafuta kura, kwa hiyo vikao vya Agosti na Septemba havipo. Ilikuwa hivyo 2020, ikawa hivyo 2025.

Jiko kabla ya 2024

Mama alianza 2018 kama mama lishe, sufuria tatu na benchi mbili, yeye na mdogo wake, kando ya barabara inayoelekea Mtumba wakati Mji wa Serikali unaanza kujengwa. Wateja wa kwanza walikuwa mafundi na vibarua wa ujenzi. Wali maharage, ugali na mlenda, nyama siku za malipo. Fedha ilikuwa ya papo hapo, na aliyekopa aliandikwa kwa mkaa ukutani.

Kufikia 2023 alikuwa na banda la kupanga, leseni, namba ya mlipakodi (TIN), mashine ya risiti za kodi (EFD), na alikuwa amejisajili kwenye mfumo wa NeST ambao serikali ilianza kuutumia mwaka huo kwa manunuzi badala ya TANePS. Mauzo ya 2023 yalikuwa shilingi milioni 68. Januari 2024 alikuwa na wafanyakazi 6 wa mwezi, wastani wa 190,000 kila mmoja na chakula cha mchana. Sera ya viwanda vidogo na biashara ndogo ya 2003 inaita biashara ndogo ile yenye watu 5 hadi 49, kwa hiyo alikuwa ameshavuka kundi la wale wadogo kabisa wa mtu 1 hadi 4.

Hesabu ya mwezi ilikuwa nyepesi. Kila shilingi 100 ya mauzo, 55 zinarudi sokoni: mchele, nyama, mafuta, mkaa wa akiba. Zinabaki 45. Katika hizo 45 zinatoka mishahara (milioni 1.14) na kodi ya banda, gesi, umeme na maji (750,000 hivi, maji ya boza ndiyo yanayouma, kama anavyojua kila mkazi wa mji huu). Ukipiga, jiko lilihitaji kuuza milioni 4.2 kwa mwezi ili lisile mtaji. Lilikuwa linauza milioni 6. Mama alilala vizuri.

Aprili hadi Juni 2024: neema

Aprili zilikuja oda za semina. Chai ya saa nne na chakula cha mchana, watu 40, watu 60, siku moja watu 110. Bei ya kichwa ilikuwa mara tano ya sahani ya bandani. Mauzo ya Aprili yakafika milioni 9.4, Mei 11.8, Juni 12.6. Kwa miezi mitatu, milioni 33.8.

Kati ya Aprili na mwanzo wa Mei aliajiri watano: wapishi wawili, mmoja wao wa chapati tu, mhudumu, dereva wa bajaji ya kupeleka hotipoti, na msimamizi wa kupokea oda na kukaa kwenye mashine ya risiti, huyu kwa 350,000. Kutoka 6 wakawa 11. Mishahara ikapanda hadi milioni 2.25 kwa mwezi.

Nilimuuliza kwa nini aliwaajiri kwa mwezi na siyo kwa siku. Jibu lake lilikuwa na akili: mpishi mzuri wakati wa Bunge hapatikani kwa deiwaka, kila jiko linamgombea, na ukimpa mshahara anajua ni wako. Pia alisema, na hapa alicheka kidogo, kwamba mama mwenye watu 11 watu wanamwona tofauti. Ofisini wanamwita mzabuni.

Milioni 14.2 kati ya zile 33.8 zilikuwa mali kauli. Alipeleka chakula, akaacha ankara, akaambiwa malipo yapo kwenye mchakato. Sokoni yeye halipi kwa mchakato.

Kwa hiyo tuone fedha taslimu peke yake, kitu ambacho mwaka ule hakuna aliyekiangalia. Zilizoingia mkononi Aprili hadi Juni: milioni 19.6. Zilizotoka: chakula milioni 18.6, mishahara 6.1, kodi ya banda na gesi na mengine 2.25, jumla karibu milioni 27. Katika miezi bora kuliko yote tangu aanze biashara, jiko lilikuwa linapungukiwa milioni 7 na zaidi. Pengo hilo alilijaza kwa akiba yake na kwa mchele na mafuta aliyochukua kwa mkopo sokoni Majengo kwa watu waliomwamini.

Julai hadi Desemba 2024

Bunge likaahirishwa, semina zikakatika. Tarehe 30 Juni mwaka wa fedha ukafungwa, na ankara ambazo hazikuwa zimelipwa zikawa madeni ya mwaka uliopita, ya kuhakikiwa kwanza. Aliyewahi kufuatilia anajua neno "kuhakikiwa" lina urefu gani.

Wenye mchele wakaanza kupiga simu. Julai akachukua mkopo wa milioni 6 kwa taasisi ndogo ya fedha, miezi 12, riba 3.5% kwa mwezi inayopigwa juu ya mkopo wote bila kujali umeshapunguza kiasi gani. Marejesho yakawa 710,000 kila mwezi.

Kipindi hichohicho treni ya SGR ikaanza kufika Dodoma: abiria wa kwanza 25 Julai 2024, uzinduzi rasmi 1 Agosti. Mama alitegemea wageni wengi zaidi na ndiyo sababu mojawapo ya kutopunguza watu. Wageni kweli wakaja. Ila mtu aliyezoea kupanda basi Dar, kulala siku mbili na kula mara tano, sasa anashuka na treni asubuhi, anamaliza shughuli na jioni amerudi. Anakula mara moja. Hivyo ndivyo yeye alivyoliona jambo lenyewe kutoka kwenye benchi zake, kwenye supu ya asubuhi na chakula cha usiku ambavyo vilipungua huku cha mchana kikiongezeka kidogo. Sidai kwamba kila jiko limepata hivyo.

Kuanzia Julai mauzo yalikuwa 7.0, 8.1, 8.3, 7.4, 8.6, halafu Desemba 5.1. Kwa mwaka mzima wa 2024 akafikisha milioni 97.6, ongezeko la zaidi ya asilimia 40 juu ya 2023. Mtu akimuuliza biashara inaendaje, jibu la haki lilikuwa inakua, na ajira zimekaribia mara mbili.

Sasa Desemba. Milioni 5.1, toa 55 kwa 100 ya chakula, zinabaki milioni 2.295. Mishahara milioni 2.25. Zimebaki shilingi 45,000, na bado hajalipa banda wala gesi wala maji, na rejesho la mkopo linasubiri. Pengo la mwezi mmoja lilikuwa milioni 1.4. Tarehe 23 Desemba, ili watu wasiende sikukuu mikono mitupu, alichukua milioni moja ya kausha damu. Msomaji wa Tanzania sina haja ya kumweleza kausha damu ni nini; kwa mwingine, ni mkopo wa haraka wa riba kali.

Januari 2025: madaftari mezani

Alikuja na madaftari mawili na mfuko wa rambo uliojaa ankara. Daftari la kwanza lilikuwa la mauzo, safi kabisa, kila siku imeandikwa. La pili lilikuwa la madeni na lilikuwa na kurasa zilizochanwa.

"Mwanangu," akasema, "naambiwa nina biashara kubwa. Hebu nionyeshe iko wapi."

Jambo la kwanza nililofanya halikuwa la kihasibu. Nilikaa jikoni siku nzima nikahesabu sahani zilizotoka bila kulipiwa. Zilikuwa 19: wafanyakazi 11, watoto watatu wa ndugu wanaosoma shule ya jirani, mlinzi wa jengo la mbele, vijana wawili wa mkokoteni wa maji, mzee mmoja ambaye hakuna aliyekumbuka alianza lini, na sahani moja iliyorudishwa kwa sababu ya unywele. Kwa gharama ya 1,375 kila sahani na siku 26, hiyo ni kama 680,000 kwa mwezi. Ilikuwa imejificha ndani ya ile 55 ya chakula. Mzee tulikubaliana abaki.

La pili lilikuwa jedwali la mstari mmoja: mauzo ya mwezi kugawa kwa idadi ya wafanyakazi. Januari 2024: milioni 1 kwa kila mtu. Juni 2024: milioni 1.15. Julai: 636,000. Desemba: 464,000. Juni ilionekana nzuri, na ni kwa miezi kama hiyo ndipo alipoajiri. Kwa watu 11 jiko lilihitaji kuuza milioni 6.7 kwa mwezi, tena kwa fedha mkononi, ili lisimame palepale. Kwa watu 6 lilihitaji 4.2.

La tatu lilimkasirisha. Hakuwa amemwandikisha mfanyakazi hata mmoja kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ambako mwajiri wa sekta binafsi kwa kawaida anachangia 10% na mfanyakazi 10%. Hakuwa anajua pia kwamba tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, inamgusa mwajiri akifikisha wafanyakazi 10. Kabla ya 2021 ilianzia kwa wanne. Kwake ilikuwa 3.5% ya mishahara yote, yaani 78,750 kwa mwezi. Mtu wa kumi ana bei ya peke yake, nilimwambia, na wewe ulimchukua pamoja na wa kumi na moja bila kujua. Ongeza mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, 0.5%. Na kwa mauzo ya milioni 97.6 alikuwa hatua moja kutoka milioni 100, mahali ambapo mfumo wa kodi ya makadirio kwa mauzo unaisha na unatakiwa kuandaa hesabu kamili kupitia mhasibu aliyesajiliwa.

Maamuzi, na sababu zake

Yeye alitaka kuwaondoa wote watano wiki ileile. Nikamzuia, si kwa huruma tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mwajiri anayepunguza watu kwa sababu za kibiashara atoe taarifa ya kusudio, aeleze sababu na ashauriane nao kabla ya kuamua. Analipwa kwa mwezi? Notisi ni siku 28. Kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka kinaanzia kwa aliyemaliza miezi 12 mfululizo, na hawa walikuwa hawajaifikisha. Hilo la mwisho lilinikera: ukiwatoa Februari hudaiwi, ukiwatoa Mei unadaiwa, na kila mtu anajua kuhesabu. Mama akasema atawapa nusu mshahara hata kama hadaiwi, na akawapa.

Kikao kilifanyika Jumapili chini ya mwarobaini nyuma ya banda. Nilimwomba awaonyeshe daftari. Alisita sana, kisha akalifungua ukurasa wa Desemba na kumpa msimamizi asome kwa sauti. Hakuna aliyepinga tarakimu. Kilichofuata sikukitarajia, kwa sababu mapendekezo mazuri yalitoka kwao. Wa chapati alisema yeye angependelea kupika kwake na kumuuzia mama, 400 moja, ili apate na wateja wengine. Mama anauza 500 na hanunui tena unga wala mafuta ya chapati. Dereva akasema alipwe kwa safari. Mhudumu hakuwa na pa kwenda, akakubali kuitwa siku za kazi nyingi kwa 12,000 kwa siku. Msimamizi alishaanza kutafuta kazi kwingine na akaondoka mwisho wa notisi. Mpishi mmoja mpya akabaki.

Kuanzia Machi 2025 wafanyakazi wa mwezi wakawa 7, wote wameandikishwa NSSF. Mishahara na michango ikawa milioni 1.6, na kiwango cha kusimama palepale kikashuka hadi milioni 5.2.

Tuliamua pia mambo mawili kuhusu msimu uliokuwa unakuja. Oda ya semina bila nusu mkononi haipikwi. Na kila siku ya Aprili, Mei na Juni, 10% ya mauzo inakwenda kwenye lipa namba ya pili ambayo simu yake inakaa kwa mdogo wake. Mama mwenyewe aliiita kibubu cha Bunge.

Matokeo

Deni la 2024 ambalo mama aliwadai wateja wa ofisini lililipwa kidogo kidogo: hadi Desemba lilikuwa limebaki milioni 6.7, Machi 2025 zikaingia 5.1, na milioni 1.6 haijalipwa hadi leo. Zile 5.1 zilimaliza kausha damu na sehemu kubwa ya mkopo.

Msimu wa bajeti wa 2025 aliuza milioni 29.4, pungufu ya 33.8 za mwaka uliotangulia, lakini fedha ilionekana. Kibubu kikafika milioni 2.9. Mteja mmoja mkubwa alikataa kutoa nusu na kuhamia jiko jingine. Ningependa kuandika kwamba jiko lile jingine lilijuta. Halikujuta. Lililipwa lote ndani ya wiki sita, na mama alinikumbusha jambo hilo zaidi ya mara moja.

Kisha ukaja upande wa pili wa mwaka wa uchaguzi. Vyuma vikakaza: Julai 5.6, Agosti 4.9, Septemba 5.2, Oktoba 4.3. Wiki ya uchaguzi jiko halikuwashwa kabisa. Novemba Bunge jipya lilipokutana ikapanda hadi 6.8, Desemba 5.0. Mwaka mzima milioni 81.4, anguko la asilimia 17 hivi.

Oktoba 2025 ilikuwa mbaya kuliko Desemba 2024. Pengo lake, kabla mama hajachukua cha kwake, lilikuwa 415,000. Lilitoka kwenye kibubu. Hakukopa, hakumchelewesha mtu mshahara. Mwisho wa Desemba kibubu kilibaki na milioni 1.2.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kupima mshahara wa kudumu kwa mwezi mwembamba. Mfanyabiashara wa Dodoma anayeajiri Mei anaajiri kwa fedha ya Mei, wakati mtu aliyemwajiri atakula Desemba pia. Jedwali la mauzo kwa kila mfanyakazi ni chombo butu, ila lilimsaidia kuona kwamba tarakimu ya Juni 2024 na ile ya Januari zilikaribiana, maana yake watu watano wapya hawakuwa wamembadilishia chochote isipokuwa uzito wa kubeba.

Kutenganisha mauzo na fedha iliyoingia kulikuwa muhimu sawasawa, na hapo lawama si yake peke yake. Mashine ya risiti, benki, afisa mikopo, hata mimi, sote tunamuuliza ameuza kiasi gani. Mkopo wa Julai 2024 alipewa upesi kwa sababu mauzo ya Juni yalikuwa makubwa, na mauzo yaleyale makubwa ndiyo yaliyomwingiza shimoni.

Kuhusu nusu mkononi, sina uhakika kama tulikuwa sahihi. Ilimlinda, na ilimgharimu mteja aliyelipa. Pengine ilitosha kuweka kikomo: mali kauli isizidi kiasi ambacho kibubu kinaweza kubeba kwa miezi mitatu. 2025 hatukuwa na kibubu wakati wa kuamua, kwa hiyo hatukuwa na kikomo cha kuweka.

Kosa langu ni la mhudumu. Tulimwita deiwaka, akafanya kazi siku sita kwa wiki kwa wiki 11 mfululizo, Aprili hadi Juni, na Julai akaambiwa hakuna kazi. Nilikuwa nimesahau jambo ninalolifahamu: Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, pamoja na vigezo vingine, ikiwa amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu. Saa 45 kwa mwezi yeye alizimaliza ndani ya wiki ya kwanza. Alikwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mjadala ukawa kama muda wake wa kabla ya Machi uhesabiwe pamoja na ule wa baadaye. Haukufika mbali, pande mbili zikapatana kwa 450,000 kwenye usuluhishi. Nafuu zaidi ingekuwa kumwandikia mkataba wa msimu, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na kumchangia NSSF kwa miezi hiyo mitatu. Nimeshaandaa karatasi hiyo kwa 2026.

Limebaki la kuhesabu ajira. Kwenye orodha ya mishahara jiko lilitoka 11 hadi 7, na mtu wa takwimu angeandika ajira zimeshuka. Kwa tafsiri ya sera ya 2003 hakuna kilichotokea: 6, 11 na 7 zote ni biashara ndogo. Lakini Juni 2025 nilihesabu waliokuwa wanapata riziki kupitia jiko lile: saba wa mwezi, mhudumu, mpishi mwingine wa deiwaka, dereva wa safari, mwenye chapati na wasichana wawili aliowachukua kumsaidia kusukuma. Ni 13, wawili zaidi ya wakati wa neema. Sita kati yao hawakuwa na likizo, wala NSSF, wala siku 28 za mtu yeyote. Utafiti wa msingi wa biashara ndogo uliotolewa nchini 2012 ulikuta biashara zaidi ya milioni 3 zinazoajiri watu zaidi ya milioni 5. Gawanya uone ni wangapi kwa kila biashara, kisha ujiulize wa mkokoteni wa maji aliandikwa wapi.

Mwenye chapati sasa anauzia majiko manne. Mkopo wa milioni 6 umekwisha. Ule mstari wa milioni 1.6 za 2024 bado upo kwenye daftari la pili, nimemshauri mama tuufute ili hesabu zifungwe vizuri, na amekataa.